C ya Bungoma

Darasa la kumi na tatu, la mwisho katika shule ile ya mtaala wa Kiingereza huko Dubai, lilikuwa na kipindi cha historia baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata kiyoyozi husinzia. Mwalimu Metrine Nekesa alisimama mbele ya ubao mweupe akieleza Sheria ya Maskini ya mwaka 1834: jinsi Bunge la Uingereza lilivyochoka kuwasaidia maskini wakiwa majumbani mwao, likaamuru kwamba anayetaka kula mkate wa umma aingie kwenye jumba la maskini, avunje mawe, na alale mbali na mkewe na wanawe.

"Na humo ndani," alisema, "maisha yalitakiwa yawe magumu kuliko ya kibarua fukara kabisa aliye nje. Kwa nini?"

Waleed, kijana wa Kisudani mwenye miguu mirefu isiyopata mahali chini ya meza, akainua kidole nusu.

"Ili watu wasizoee, Miss."

"Wasizoee nini?"

"Kupewa. Kama Miss anavyotusahihisha. Anaogopa tutazoea A."

Darasa likacheka. Metrine naye akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeamka alfajiri na bado ana vipindi viwili mbele yake. Ambaye hakucheka alikuwa Sumeiya peke yake, na Sumeiya kwa kawaida ndiye wa kwanza. Tangu makadirio yatoke Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huko, binti huyo hakuwa ameinua mkono hata mara moja.

Hayo makadirio ndiyo alama ambazo kila mwalimu wa darasa la mwisho huandika mwezi wa Novemba: mwanafunzi huyu, nakadiria atapata A, huyu B, huyu sina hakika. Metrine alikuwa ameandika yake kutokana na mtihani wa Oktoba. Sumeiya, C. Waleed, D. Waliobaki walikuwa B mbili, na C nyingi zilizofuatana kama kuku wa familia moja. A haikuwepo.

"Mimi baba ameshaielewa D yangu," Waleed alikuwa anamwambia jirani yake wakati wa kufunga vitabu, makusudi asikike. "Anasema D ni ya Dubai. Nitabaki hapa hapa nimsaidie dukani."

"Waleed, toka nje ukaendelee na mkutano wako huko," Metrine alisema.

"Natoka, Miss. D hutembea polepole."

Kwa nini hakukasirika? Kwa sababu kwa hesabu yake mambo yalikuwa yanakwenda sawa. Watoto wameumia, sasa watasoma.

Huko Bungoma alikotoka, Metrine alikuwa amefundisha shule ya upili ya wasichana kwa sehemu kubwa ya ujana wake. Aliwafundisha Mapinduzi ya Viwanda ya Manchester wasichana ambao kiwanda walichowahi kukiona ni kile cha sukari, na aliwafundisha hadi wakaota moshi. Likizo za mwisho wa mwaka aliitwa Nairobi kusahihisha mitihani ya taifa, na huko walimpa sifa moja: kalamu yake ni kavu. Alikuwa hatoi alama ya huruma.

Na mtihani wa majaribio, ule ambao shule za wilaya hutunga pamoja mwezi wa saba, ulikuwa na kanuni zake ambazo hakuna mahali zimeandikwa na kila mwalimu anazijua. Maswali yawe magumu kuliko ya kweli. Kusahihisha kuwe kwa wembe. Mtihani ule haukuwa wa kumpima mtoto. Ulikuwa wa kumtisha. Msichana akipata C anajifunika blanketi, analia siku nzima, anamchukia mwalimu, halafu anaamka na kusoma kwa hasira. Novemba anapata A, na anarudi na mama yake na jogoo kushukuru. Yale matokeo ya mwezi wa saba yalibandikwa mlangoni mwa ukumbi, mvua ikayaosha. Chuo kikuu hakikuyauliza. Chuo kikuu kiliangalia mtihani wa taifa, basi.

Dubai alikuja akifuata tangazo la kazi ya ualimu, akafika na kukuta ualimu wenyewe ni kufuta kamasi za watoto wa chekechea. Alizifuta miaka mitatu. Kisha Agosti moja mwalimu wa historia, Mwingereza, hakurudi kutoka likizo, na mkuu wa shule akapekua mafaili akitafuta wa kuziba pengo, ndipo akagundua kwamba yule Mkenya wa chekechea ana shahada ya elimu na historia. Alipewa darasa la mwisho "kwa kuangaliwa". Kabla mwaka mpya haujaingia, shule itaamua kama darasa ni lake au ni la mtu mwingine.

Alilipenda darasa lile kwa upendo wa mtu aliyenyang'anywa kitu kisha akarudishiwa. Ndiyo maana alilisahihisha kwa wembe.

*

Jumatano, vipindi vilipokwisha, Metrine alikuwa kwenye korido akizungumza kwa simu na Carolyne, aliyepanga naye chumba mtaa wa Al Qusais. Carolyne alikuwa anauliza kama sukuma wiki iliyo kwenye friji ni ya kupikwa au ni ya kutazamwa.

"Pika yote," Metrine alisema. "Na usiweke pilipili, tumbo langu si la jeshi."

Alipokata simu aliona mwanamke wa makamo amesimama karibu, baibui jeusi, mkoba mkononi, uso wa mtu aliyekuja amejiandaa kwa Kiingereza na sasa anakiweka kando.

"Kumbe mwalimu wa kwetu," mwanamke alisema. "Na mie njia nzima nnajipangia maneno. Hujambo, mwalimu. Miye Jokha, mamake Sumeiya."

"Sijambo, mama. Karibu."

Walikaa darasani, Jokha kwenye kiti cha mwanafunzi. Familia yake ilitoka Unguja yeye akiwa bado mtoto mchanga, alisema, wakapitia Maskati, wakatua hapa. Wanakaa Al Mankhool, na nyumbani hakisemwi ila Kiswahili, maana marehemu mama yake alikuwa hamjibu mtoto anayemsemesha lugha nyingine. Alisema hayo kwa adabu, kama mtu anayetandika mkeka kabla ya kuweka chakula. Kisha akakiweka.

"Mwanangu hali, mwalimu. Sahani inarudi jikoni kama ilivyotoka. Nimeuliza, n'naambiwa C."

"Mama Sumeiya, C yangu si mbaya."

"Si mbaya vipi?"

Metrine akamweleza. Alimweleza habari za wembe, na za mtihani wa majaribio, na za wasichana wa Bungoma waliolia Julai wakacheka baadaye. Alisema Sumeiya ndiye mwanafunzi bora kabisa darasani, na kwamba aliye bora ndiye hasa wa kubanwa, kwa kuwa ana cha kubanwa. Alikuwa akisema na huku anasikia raha kidogo, raha ya kueleza kazi yako kwa mtu anayeisikia katika lugha yako.

Jokha alisikiliza mpaka mwisho.

"Nnakufahamu vizuri sana," alisema. "Mie nilisomeshwa hesabu na mzee mmoja hivyo hivyo. Alikuwa akikupa sifuri na maandazi siku moja. Lakini yeye sifuri yake ilibaki kwenye daftari langu. Hii C yako inakwenda Uingereza."

"Inakwenda vipi?"

"Bibi wee, si ndiyo inayotumwa? Mtoto kaomba sheria, Londoni. Wanatazama makadirio, wakiyapenda wanampa nafasi, wasipoyapenda wanamtupa. Huo mtihani wenyewe haujafika bado; mpaka ufike, nafasi zimekwisha gawiwa." Jokha akainamisha kichwa kidogo, kama anayemchungulia. "Sasa huyo aliyekaa kule na hilo jina la mwanangu, atajuaje kama ile ni C ya kutisha?"

Metrine alijua, kwa namna mtu anavyojua jambo aliloambiwa mara moja katikati ya mengine mengi, kwamba makadirio "yanatumika kwenye maombi". Hakuwa amefikiri yanatumika namna gani. Kwao maombi ya chuo yalikuwa ni karatasi. Alama zilikuja baadaye, za kweli.

"Nipe siku chache," alisema hatimaye.

"Siku hatuna nyingi. Lakini nnakupa." Jokha akainuka, akashikilia baibui lake lisikwame kwenye kona ya meza. "Na usinione nimekuja kugombana. Ningetaka kugombana ningekwenda kwa yule mkuu wenu, nikamgombeza kwa Kiarabu."

*

Mkuu wa idara ya historia na jiografia alikuwa Bwana Joachim, Mgoa kutoka India aliyekuwa Dubai tangu barabara nyingi za sasa zikiwa mchanga. Alifundisha jiografia na alikuwa na subira ya mtu anayesubiri kustaafu. Alhamisi asubuhi Metrine alimkuta akinywa chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi.

"Madam Metrine," alisema baada ya kusikia, "umewapa makadirio ya kile walichoandika?"

"Ndiyo."

"Kwa kipimo cha kwenu."

"Kwa kipimo changu."

Bwana Joachim akavuta pumzi, akaiachia kwa pua. "Makadirio ni kile unachoamini mtoto atafika nacho siku ya mwisho, kwa kipimo cha wale watakaomsahihisha. Shule nyingine huwapa zaidi ya hapo, lakini hiyo ni habari nyingine. Mfumo wa kuyatuma unafungwa Jumapili saa nane. Huyu binti wa mama aliyekuja, unaamini atafika wapi?"

"A."

"Basi mbadilishie. Nitatia sahihi sasa hivi, hatutasema neno. Mwalimu kubadili alama moja ni kawaida."

"Na wengine?"

"Wengine wamekuja?"

Metrine akatikisa kichwa.

"Sikiliza, dada," Bwana Joachim alisema, na neno hilo alilitumia kwa nadra. "Alama moja ni yangu na yako. Darasa zima, lazima nipeleke kwa mkuu. Mkuu ataniuliza kwa nini mwalimu wake amekosea darasa zima. Na wewe uko kwenye kuangaliwa. Nimekaa sana nchi hii. Anayefichua tatizo na anayelisababisha, humu ndani wana sura moja."

*

Ijumaa aliporudi kutoka ibadani, maana huko kanisa ni Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ambayo watu wameachiliwa, Metrine alitandaza karatasi za Oktoba juu ya kitanda. Kando aliweka mwongozo wa kusahihisha wa wale watahini wa Uingereza, ambao alikuwa ameusoma Septemba kama mtu anavyosoma maelekezo ya dawa ambayo tayari anajua kuinywa.

Aliusoma sasa. Ulikuwa mwongozo wa ukarimu wa ajabu. Haukuuliza mtoto ameacha nini. Uliuliza amefika wapi. Hoja ikiwepo na ikasimama, alama yake ipo, hata kama ushahidi umeyumba kidogo.

Alianza na Sumeiya. Binti alikuwa ameandika kwamba makamishna wa mwaka 1834 walizunguka zaidi kwenye vijiji vya mashamba vya kusini, wakatunga sheria inayofaa huko, kisha wakaipeleka kaskazini kwenye miji ya viwanda, ambako kazi ikikatika hukatika kwa maelfu kwa pamoja na hakuna jumba linaloweza kuwameza. "Kosa lao halikuwa ukatili," binti aliandika. "Walikuwa na kipimo kizuri cha mahali pengine." Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa Metrine uliuliza: Ushahidi uko wapi?

Aliitazama ile kalamu yake kwa muda.

Kisha akachukua karatasi ya Waleed, akiwa na nia ya kuhakikisha kwamba angalau D ile ni D. Haikuwa. Chini ya mizaha na mwandiko wa kukimbia kulikuwa na B iliyo timamu.

Carolyne aliingia kutoka zamu, bado na sare ya mapokezi ya jengo analofanyia kazi huko Jumeirah Lake Towers, viatu mkononi. Alitazama kitanda.

"Leo nalala wapi, kwa Waingereza?"

"Zisongeze tu kwangu."

Metrine akamwambia yote. Carolyne alikaa chini akisugua miguu.

"Si huyo mzee amekupa njia? Badilisha ya huyo msichana, mama yake afurahi, maisha iendelee."

"Na huyu Waleed?"

"Huyo Waleed mama yake ni nani?"

"Muuguzi. Zamu za usiku. Hajawahi kuja shuleni."

"Sasa ona. Hata yeye mwenyewe hajalalamika." Carolyne akageuka, uso umekuwa wa kweli. "Metrine, hawa watu visa yako iko kwa mkono wao. Wakikurudisha kwa kamasi utalia, na mimi ndiye nitasikiliza. Wakikurudisha Kenya, nani atalipa nusu ya hii nyumba?"

"Utapata mwingine."

"Mwingine atanipikia sukuma kama ile ya juzi?"

"Sukuma ulipika wewe."

"Ndiyo nasema." Carolyne alicheka kidogo, akaacha. "Wewe unataka kufanya nini?"

"Nataka kulala," Metrine alisema, na ilikuwa kweli. Alikuwa amechoka uchovu ule usioondoka kwa usingizi, wa kujifunza upya kazi uliyoizeekea. Kama angebadilisha ya Sumeiya peke yake, angekuwa amembadilishia mtoto mwenye mama wa kuja, mama aliyemsalimia kwa Kiswahili kwenye korido. Huko Bungoma walikuwa na jina la kumsuta mwalimu mwenye upendeleo wa namna hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kulitaja.

Alisahihisha upya mpaka mwanga wa dirishani ukawa wa njano. A tatu. B nyingi. C moja tu ilibaki, na mwenye nayo alikuwa amestahili hata kabla.

*

Jumapili asubuhi Bwana Joachim aliipokea orodha mpya, akaisoma juu mpaka chini, akaitia sahihi bila kusema kitu, akaenda nayo kwa mkuu. Metrine aliitwa saa sita. Mkuu wa shule alikuwa mtu wa heshima, wa sauti ya chini. Alimuuliza kama makadirio ya kwanza yalikuwa na kosa, naye akajibu kwamba ndiyo, yote, na kosa ni lake: alisahihisha ili awatishe, kama inavyofanywa kwao, na hakuelewa alama zinakokwenda. Mkuu akashukuru kwa ukweli wake. Aliandika kitu. Orodha mpya iliingia kwenye mfumo kabla ya saa nane.

Wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Desemba alipewa jibu. Mkataba wake utaendelea. Darasa la mwisho litachukuliwa Januari na kijana anayetoka Leeds, Uingereza, mwenye uzoefu wa mitihani hiyo. Yeye atafundisha darasa la saba, kuanzia Wanormani walioivamia Uingereza na kuendelea, na siku ambazo chekechea wana upungufu atasaidia huko.

"Nilikwambia," Bwana Joachim alisema walipokutana kwenye ngazi, bila furaha yoyote ya aliyesema kweli.

"Uliniambia."

"Walau hukurudishwa kwenu."

"Walau."

Kipindi cha mwisho hakuwaaga. Aliwapa insha juu ya wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, na Waleed akauliza kama hata B inaruhusiwa kuomba siku mbili zaidi. Akamruhusu. Sumeiya alikuwa ameanza tena kuinua mkono, na alikuwa akiuinua kwa mambo madogo madogo, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umevunjika.

*

Machi, jioni, Metrine alikuwa amesimama kwenye kituo cha metro akingoja treni ya kurudi Al Qusais. Mabega yalimuuma kwa kubeba picha za Wiliamu Mshindi, mfalme wa Wanormani, walizochora watoto wa darasa la saba, wote wamempa ndevu. Simu ikalia.

"Mwalimu, Jokha hapa. Wamemkubali. Londoni, sheria, kama alivyotaka."

"Alhamdulillahi," alisema Metrine, Mkristo wa Bungoma, kwa sababu katika mji huo ndilo neno linalotosha. "Mpe hongera zangu."

"Nitampa. Na yule kijana wa Kisudani pia kapata, sijui wapi, wanaita Kardifu. Mwanangu kaniambia nikwambie."

"Vizuri."

Jokha akashusha sauti.

"Nnakwambia wewe kwa kuwa nyumbani siwezi kusema," Jokha alisema. "Mie nilikuwa nnataka akubaliwe. Sikuwa nnataka aende."

Yalikuwepo mengi ya kusema, yale ambayo watu huambiana, na yote yalikuwa yamechoka kama yeye.

"Tangu asubuhi n'napanga nguo za baridi kichwani," Jokha aliendelea. "Sijui hata zinauzwa wapi hapa. Wewe unaijua Uingereza, mwalimu. Nambie, kuna baridi kiasi gani?"

"Sijawahi kufika, Mama Sumeiya."

"Hujawahi?"

"Hata siku moja."

Jokha akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, na Metrine naye akajikuta anacheka, pale kwenye jukwaa, miongoni mwa watu waliovaa sare za kazi na kutazama simu zao.

"Basi nambie hivyo hivyo unavyosomesha," Jokha alisema. "Mradi nisikie."

Metrine akaziweka picha chini, akaegemea nguzo. Alianza kumweleza: kwamba mwezi wa Oktoba jua huzama mapema, kwamba mvua yao hainyeshi kwa hasira kama ya kwetu, hunyesha tu, siku nzima, kama mtu mwenye huzuni asiyetaka kusema ni ya nini, kwamba zamani walichoma makaa mpaka ukungu ukawa wa njano, lakini hayo yamekwisha, hewa sasa ni safi. Kwamba nyumba zina joto ndani. Jokha alikuwa akiitikia, enhe, enhe. Treni ikaja, milango ikafunguka, watu wakaingia, naye akaiacha iende.